Kutoa Unachokipenda: Je, Riwaya Nayo ni Sadaka?



Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitazame pamoja ni dogo kwa sura, lakini limenishughulisha kwa miezi kadhaa. Mwanafunzi anamaliza masomo, naye ana vitabu anavyovipenda. Si misahafu wala vitabu vya fiqhi, bali ni riwaya, visa vya kubuni. Akizigawa kwa wasomaji, je, ametoa sadaka au amegawa mchezo tu? Na kama ni sadaka, inakamilika lini? Ni pale kitabu kinapotoka mkononi, au kuna jambo jingine linalobaki?

Swali lilinifika kwa sababu mwaka huu nimemaliza kuandika memwari, na kazi niliyoipata iko mbali na mji. Chumbani bwenini nilikuwa na riwaya 34 za Kiswahili. Sisi tunaosoma Bujumbura tunaijua hali yetu. Darasani ni Kifaransa, nyumbani kwa wengi ni Kirundi, na Kiswahili ni lugha ya Buyenzi, ya sokoni, ya bandarini na ya darsa msikitini. Tunakizungumza kutwa nzima, lakini kitabu cha Kiswahili cha kusoma kwa raha hakipatikani kirahisi. Karibu riwaya zangu zote zilivuka mpaka. Nyingine zilikuja kwa basi kupitia Kobero, nyingine kutoka Kigoma kwa njia ya Manyovu na Mugina, na chache zililetwa na marehemu baba yangu, Allah amrehemu, aliyekuwa akifanya kazi katika boti za mizigo ziwani Tanganyika. Basi kugawa riwaya hizo hakukuwa sawa na kugawa kitu ambacho kesho ningekwenda dukani nikanunua kingine.

Jambo la kwanza: je, riwaya inastahili kutolewa?

Nilipomweleza ustadhi mmoja nia yangu, alinijibu kwa upole kwamba sadaka hutolewa kwa kitu chenye manufaa, na visa vya uongo ni katika upuuzi ambao muumini huupita kwa heshima zake. "Mwanangu," aliniambia, "gawa vitabu vya elimu. Hivyo vingine vitakuja kukuuliza Siku ya Kiyama." Sikubishana naye, kwa kuwa hofu yake ina msingi. Zipo riwaya ambazo kazi yake ni kuamsha matamanio tu, na anayezigawa hawezi kusema kwamba hahusiki na kinachofuata.

Hata hivyo, ni lazima tutofautishe. Uongo ni kumwambia mtu jambo ili aamini kwamba limetokea, nawe unajua kwamba halikutokea. Mwandishi wa riwaya hamdanganyi mtu, kwani msomaji anajua tangu jalada kwamba hawa ni watu wa kubuni. Na jambo hili si geni katika umma wetu. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat, visa hamsini vya mjanja mmoja mwenye ulimi mtamu anayewalaghai watu mji hadi mji. Katika dibaji yake alijitetea dhidi ya wenye kumlaumu, akikumbusha kwamba hakuna aliyekataa kusikiliza visa vinavyotiwa vinywani mwa wanyama kwa ajili ya mafunzo. Kitabu hicho kilisomeshwa kwa karne nyingi na watu wa elimu. Ibn Tufayl wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1185, aliandika kisa cha Hayy ibn Yaqzan, mtoto aliyekulia kisiwani peke yake mpaka akafika kumjua Muumba kwa kutazama na kutafakari. Angeweza kuandika hoja tupu, lakini alichagua kisa.

Tukija kwenye lugha yetu, Shaaban Robert katika Adili na Nduguze anaieleza husuda ya ndugu kwa ndugu kwa namna ambayo khutba moja haiwezi kuimaliza. Said Ahmed Mohamed katika Utengano, riwaya ya mwaka 1980, anatuonesha baba mwenye heshima kubwa mbele za watu, anayemfungia bintiye ndani kwa jina la malezi, huku yeye mwenyewe nje ya nyumba akiishi maisha mengine kabisa. Binti anatoroka, na anaangukia pabaya. Nani kati yetu hajui nyumba ya namna hiyo? Tunausoma unafiki katika vitabu vya akhlaki kama orodha ya alama. Katika riwaya tunauona ukivaa kanzu, ukiketi barazani na kuamkiwa na majirani. Adam Shafi katika Kuli anamchukua kijana wa bandari ya Zanzibar na kutufanya tuhisi uzito wa gunia mgongoni mwake. Ukishalihisi, ile amri ya kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka huisomi tena kama ulivyoisoma zamani.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni kwamba riwaya huangaliwa moja moja. Isiyofaa haifai, na inayomfundisha mtu kuiona nafsi yake na ya mwenziwe ina manufaa, na chenye manufaa hutolewa. Nilipozipanga zile 34, mbili niliziweka kando kwa sababu nisingependa mdogo wangu azisome. Hapo swali jingine likanishika: kama naona hazimfai ndugu yangu, kwa nini nione kwamba zinanifaa mimi? Mtume (SAW) ametufundisha kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye analojipendelea mwenyewe. Sikuona njia ya kuwa na kipimo kimoja kwangu na kingine kwa wengine, basi zile mbili nikaziondoa kabisa. Rosa Mistika ya Kezilahabi sikuiweka katika kundi hilo, ingawa kuna wakati ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Riwaya hiyo inasimulia maanguko ili ionekane yalikotoka. Nilichofanya ni kumpa mtu wa mwaka wa tatu mwenye akili yake, wala sikuiacha mahali ambapo mtoto wa miaka 13 angeiokota. Kuchagua kitabu na kumchagua mtu ni sehemu ya amana hiyo hiyo.

Jambo la pili: katika hizo, zipi za kutoa?

Hapa Qur'an imesema wazi. Katika Sura Aal Imran, aya ya 92, tunaambiwa kwamba hatutaufikia wema mpaka tutoe katika vile tunavyovipenda. Na katika Sura al-Baqara, aya ya 267, tunakatazwa kukusudia kutoa kibaya, kile ambacho sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Zipime michango yetu ya vitabu kwa aya hizi mbili. Kila panapotangazwa ukusanyaji wa vitabu, yanafika maboksi ya makabrasha ya zamani, kamusi zisizo na herufi A hadi C, na vitabu vya kompyuta ambazo hazipo tena duniani. Kazi iliyofanyika hapo ni usafi wa nyumba. Usafi ni jambo jema, lakini tusiuite sadaka.

Aya ile ya Aal Imran iliposhuka, Abu Talha (RA), aliyekuwa miongoni mwa Answari wenye mitende mingi Madina, alikwenda kwa Mtume (SAW) akasema kwamba mali anayoipenda kuliko zote ni shamba lake la Bairuha, naye ameitoa kwa ajili ya Allah. Shamba hilo lilikuwa limeelekea Msikiti, na Mtume (SAW) alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake matamu. Alianza na kile kilicho juu kabisa moyoni mwake.

Lakini tuangalie pia neno moja dogo. Aya imesema katika vile tunavyovipenda, na wafasiri wengi wanalieleza lile neno "min" kuwa linaashiria sehemu. Hatukuambiwa tutoe vyote. Abu Talha alitoa Bairuha, na mashamba mengine yakabaki. Kaab ibn Malik (RA), toba yake ilipokubaliwa, alitaka kutoa mali yake yote, na Mtume (SAW) akamwelekeza abakishe baadhi kwa kuwa hilo ni bora kwake. Nayasema haya kwa wale wenzangu ambao husoma aya moja usiku, na asubuhi wakaamka wakigawa hata godoro. Mimi nilibakisha riwaya nne. Lakini nilijiwekea sharti moja, kwamba ile ninayoipenda kuliko zote isiwe kati ya hizo nne.

Na ninayoipenda kuliko zote ni Utengano, nakala aliyoileta baba kutoka Kigoma. Jalada lake liliungwa kwa gundi na uzi, na pembezoni mwa kurasa kuna mistari ya penseli aliyoipiga yeye, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akisoma, penseli sikioni. Nilijiuliza kama kumbukumbu ya mzazi inaingia katika vitu vya kutolewa. Nilimuuliza mama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba yako hakukinunua kile ili kikae. Angekuwepo angekwisha kumpa mtu." Nikaona kwamba kama kuna kheri katika kitabu kile, basi thawabu ya atakayekisoma, kwa rehema za Allah, inaweza kumfikia na yeye alikolala.

Jambo la tatu: apewe nani?

Abu Talha alipotoa shamba lake, Mtume (SAW) alilisifu tendo lile, kisha akamshauri aligawe kwa jamaa zake, naye akawagawia jamaa na watoto wa ami zake. Kabla ya kutoa, basi, kuna kazi ya kufikiri ni nani atakayenufaika. Wenzangu walinishauri riwaya zote niziweke katika kabati la vitabu, ziwe waqfu. Nia hiyo ni njema na ina historia tukufu. Al-Khatib al-Baghdadi, mwanahadithi mkubwa aliyefariki mwaka 1071, aliviweka vitabu vyake waqfu kwa Waislamu. Wanahistoria wanaeleza kwamba alivikabidhi kwa mtu mwaminifu aliyekuwa akiviazimisha kwa watu, kisha vikafika kwa mtoto wa mtu huyo, na vikaungua nyumbani kwake. Sisemi kwamba waqfu si salama. Nasema kwamba vitabu vilivyokusanywa mahali pamoja vinahitaji mtu wa kuvihudumia kila siku, na kabati ninalolijua mimi lina kufuli, ufunguo uko kwa mtu, na mtu yuko safarini.

Imepokewa kutoka kwa az-Zuhri kwamba alionya juu ya khiyana ya vitabu, na alipoulizwa ni ipi hiyo, akasema ni kuvizuia visiwafikie wenyewe. Alikuwa akiwasema wanaoazima wasirudishe. Lakini kwa kitabu ambacho mwenye nacho amekwisha kukisoma mara nne na hatakifungua tena, najiuliza kama mwenyewe hasa si yule anayekihitaji na hajakipata.

Hivyo niligawa kwa watu, mmoja mmoja. Kuli nilimpa kijana wa uchumi ambaye baba yake ni mbeba mizigo bandarini. Vuta N'kuvute alipewa mwanafunzi wa sheria anayeandika juu ya ndoa za umri mdogo, kwa kuwa Yasmin wa riwaya hiyo aliozeshwa akiwa binti mdogo kwa mume mzee. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, nilimpa mwenzangu wa chumbani ambaye huapa kwamba hawezi kusoma kitu kisicho na upelelezi. Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, nilimpa mwalimu mmoja kijana, kwa sababu msafara wa kisa chake unaelekea bara, upande huu wa kwetu wa maziwa. Na Utengano nilimpelekea dada mmoja wa uuguzi kupitia kwa amira wa akina dada, kwa kuwa alikuwa amesema katika mjadala wetu kwamba malezi ya kufungia hayajamlinda mtu yeyote anayemjua.

Jambo la nne, nalo ndilo gumu: baada ya kutoa, kinabaki nini mkononi mwako?

Wiki tano baada ya kugawa, nilipita kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa zao chini kwenye turubai. Nikaona Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed. Niliifahamu kwa doa la chai kwenye jalada kabla hata sijasoma jina. Niliyempa alikuwa ameiuza. Bei aliyoitaja muuzaji haikufika hata ya sahani ya wali na maharage, na pesa nilikuwa nazo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Umar (RA). Alimpa mtu farasi ampande katika njia ya Allah, na yule mtu hakumtunza, akamdhoofisha. Umar akataka kumnunua, akidhani kwamba atauzwa rahisi. Akamuuliza Mtume (SAW), na Mtume akamkataza asimnunue hata kama atapewa kwa dirhamu moja, akamfananisha anayeirudia sadaka yake na mbwa anayerudia matapishi yake. Wanazuoni wametofautiana kama katazo hili ni la haramu au la karaha tu, na wengi wamesema ni karaha. Lakini tazama Umar alikuwa na hoja nzuri kiasi gani. Farasi alikuwa akiteseka, naye angemtunza vizuri zaidi, na angelipa kwa pesa yake. Pamoja na yote hayo aliambiwa amwache.

Nafikiri hekima moja ya katazo hilo ni hii: sadaka ina milango miwili ya kutokea. Kitu hutoka mkononi, na madai hutoka moyoni. Mlango wa kwanza tunaufungua mbele za watu na tunashukuriwa. Wa pili haonekani mtu akiufungua, na wengi wetu huubana. Tunatoa kitabu kisha tunauliza kila Ijumaa, "Umefika ukurasa wa ngapi?" Tunaandika majina yetu makubwa ukurasa wa kwanza. Tunaumia kusikia kwamba kimesomwa vingine na tulivyokisoma sisi. Sura al-Baqara, aya ya 264, imetuonya tusiziharibu sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Tunadhani masimango ni maneno makali tu, kumbe hata swali la upole linaweza kuwa simango, kama linamkumbusha mtu kila siku kwamba ana deni kwako.

Kama unataka kitabu kirudi, kiazimishe na useme hivyo wazi. Azima ni jambo jema, ina haki zake, na aliyeazima ana wajibu wa kurudisha. Lakini usitoe kwa mkono wa sadaka huku ukishika kwa mkono wa azima. Unamwonea mwenzako, kwa kuwa hajui kama amepewa au amewekeshwa.

Mtu anaweza kusema kwamba huku ni kutojali, kwamba tunatupa vitabu upepo uvichukue. Sivyo. Uangalifu una wakati wake, nao ni kabla ya kutoa: chagua kitabu, chagua mtu, pima faida na madhara. Baada ya hapo jambo si lako tena. Katika hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, mtu mmoja alitoa sadaka usiku, na kulipokucha watu wakasema amempa mwizi. Akatoa tena, ikaangukia kwa mwanamke mzinifu. Akatoa ya tatu, ikaangukia kwa tajiri. Akaambiwa kwamba huenda mwizi ataacha wizi, mzinifu ataacha uzinifu, na tajiri atapata zingatio akatoa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa katika hesabu yake.

Kiu niliiacha pale kwenye turubai. Sikumuuliza niliyempa kwa nini aliiuza, na tukikutana tunasalimiana kama kawaida. Ulikuwa msimu wa mitihani, na kila mmoja wetu anajua mifuko inavyokuwa wakati huo. Huenda pesa ile ilimtolea fotokopi, au ilimpa mlo. Kama ndivyo, riwaya ile imelisha mtu, na bado kuna mwingine atakayeinunua ili aisome.

Yule dada wa uuguzi aliniletea salamu kwa amira kwamba amemaliza Utengano, na kwamba haafikiani na ile mistari ya penseli. Mahali ambapo marehemu baba alipiga mstari kumlaumu binti, yeye ameandika pembeni kwamba wa kuulizwa kwanza ni mzazi. Nilipousikia ujumbe ule sikujua nicheke au nilie. Baba angekuwa hai angebishana naye hadi adhana ya alfajiri. Na mimi ningeyajuaje maneno yale kama kitabu kingebaki katika boksi chini ya kitanda changu?

Ndugu yangu, na wewe dada yangu, kila mwaka kundi moja linaondoka chuoni na jingine linaingia. Kabla hujafunga mizigo, tazama vitabu vyako na ukitafute kile ambacho kikiondoka pengo lake utaliona. Kitie nia, kisha umtafute mwenye kiu nacho. Mpe, mwombee, uende zako. Usiulize ukurasa. Na ukikiona siku moja kwenye turubai la mitumba, mkumbuke farasi wa Umar, uendelee na safari yako.

Allah atutakabalie, atujaalie ikhlasi katika kidogo tunachokitoa, na awarehemu wazazi wetu waliotufundisha kusoma. Wallahu a'lam.